Uwinda wa Baba

Mwezi Aprili, siku ambayo mvua ya masika ilikuwa imeigeuza njia ya kwetu Pasua kuwa mfereji, niliingia katika duka moja la dawa hapa Moshi mjini kununua kitu ambacho sikujua nikiite nini, ingawa kazi yangu ni kutafsiri na nalipwa kwa kujua majina ya vitu. Kijana wa kaunta aliniuliza nina shida gani, nikamwambia naomba nepi. "Za mtoto wa kilo ngapi, dada?" Nikamjibu kwamba si za mtoto. Akanitazama kidogo, akageukia mlango wa stoo, akapaza sauti ambayo nina hakika ilimfikia hata mchoma mahindi aliyejikinga mvua barazani: "Zile pampasi za wazee zimebaki?" Watu waliokuwa nyuma yangu wakanyamaza. Mama mmoja wa makamo akanishika bega na kuniambia, "Pole, mwanangu," kwa sauti tunayoitumia msibani.

Baba hakuwa amefariki. Alikuwa nyumbani, ameketi kwenye kiti chake karibu na dirisha, amepata kiharusi wiki saba kabla ya siku hiyo, mkono na mguu wa kulia havina nguvu, na maneno yake yanatoka moja moja, kila moja likiwa limetafutwa kwa muda.

Kilichonifanya nilifikirie neno lile la dukani kuliko ambavyo mtu mwingine angelifikiria ni kwamba mezani nilikuwa na kazi iliyofanana mno na shida yangu. Mteja wa nje alikuwa amenipa faharasa ya maneno ya uuguzi na malezi niitafsiri kwa Kiswahili. Sehemu ya kwanza ilihusu vifaa vya mtoto mchanga. Sehemu ya mwisho, fupi lakini ngumu, ilihusu mambo yanayokusanywa chini ya neno ambalo nitaliandika kwa sauti zetu, infantilizimu, yaani hali ya mtu mzima kuwa, kufanywa, au kutaka kuwa kama mtoto mchanga. Baina ya sehemu hizo mbili hapakuwa na kitu, na mzee wangu alikuwa ameketi hasa katika nafasi hiyo ya katikati.

Vifaa vya mtoto nilivimaliza kwa siku mbili, tena kwa raha. Hapo Kiswahili si maskini hata kidogo. Mtoto wetu anaitwa mchanga kama vile embe lisiloiva linavyoitwa changa, na vitu vyake vingi vimepewa majina kutokana na kile anachotendewa. Mbeleko imetokana na kubeleka, kumweka mtoto mgongoni na kumfunga kwa nguo, na ndiyo maana neno hilo halikupata tabu kuhama: vibebeo vyenye vifungo na mikanda vinavyorundikwa kwenye meza za mitumba pale Memorial navyo huitwa mbeleko, bila mtu kujiuliza, kwa sababu kitendo ni kilekile. Kwenye ndoa za pwani neno limekwenda mbali zaidi. Ubeleko ni sehemu ya malipo anayopewa mama wa bibi harusi kwa sababu alimbeba binti yake mgongoni, na mkaja, ambao kwa asili ni nguo anayofungwa mwanamke tumboni baada ya kujifungua, umekuwa jina la haki nyingine ya mama huyohuyo. Vitambaa viwili vya chumba cha uzazi vimegeuka kuwa deni analolipa mkwe miaka ishirini baadaye. Sijui kama mteja wangu alihitaji kuyajua hayo, lakini nilimwandikia kwenye safu ya maelezo, kwa kuwa hakuna aliyenikataza.

Chupa na chuchu yake hazikunipa kazi kubwa. Chuchu ni chuchu, iwe ya mama au ya mpira. Ile ya kumnyamazishia mtoto, isiyo na chupa, niliiita chuchu ya kutulizia baada ya kuwauliza majirani watatu na kupata majibu manne. Kliniki zetu huwahimiza akina mama wanyonyeshe maziwa yao peke yake kwa miezi sita ya kwanza, na inapolazimu kumpa mtoto kinywaji kingine huwaelekeza kwenye kikombe na kijiko badala ya chupa, kwa hiyo haishangazi kwamba msamiati wa chupa haujanenepa.

Kuna na maneno ya hatua za mtoto, ambayo nayapenda kuliko yote. Mtoto hutambaa, kisha husimama dede, kisha huenda tata, yaani hutembea huku akiyumba na kushikilia vitu. Nilikuwa nimeshayaandika yote matatu, nimeridhika nayo, siku ambayo baba alisimama kwa mara ya kwanza bila kushikwa. Mwanangu wa miaka mitano alipiga makofi akaimba, "Babu dede! Babu dede!" na baba akacheka kwa upande wa uso unaocheka. Jioni jirani yetu mmoja, mtu mwema kabisa, alipita kumjulia hali, nikamsimulia habari njema, naye akasema kwa furaha ileile, "Kumbe mzee siku hizi anasimama dede!" Baba akageuza uso dirishani na hakusema neno mpaka mgeni alipoondoka. Neno lilikuwa moja. Kwa mtoto lilikuwa mwaliko wa kucheza pamoja, kwa kuwa mtoto hana neno jingine la kusimama kwa tabu. Mtu mzima analo, akaliacha na kuchukua lile.

Nirudi kwenye nepi, kwa kuwa ndipo mambo yalipojikusanya.

Nepi tumeichukua kwa Waingereza, pampasi tumeichukua kwa kampuni. Pampers ni jina la bidhaa ambayo Procter & Gamble ya Marekani ilianza kuiingiza sokoni mwaka 1961, na kama ilivyotokea kwa majina mengine mengi ya biashara, huku kwetu limekuwa jina la aina nzima ya kitu, likapewa irabu ya mwisho na kuingia kwenye ngeli bila paspoti. Kabla yake, mwaka 1949, mama mmoja wa Kimarekani aitwaye Marion Donovan alikuwa ameanza kuuza kifuniko cha nepi kisichopitisha maji, alichokianzia kwa kukata pazia la bafu lake na kulishona. Mabadiliko makubwa ya baadaye yalikuja miaka ya 1980, pale watengenezaji walipoweka ndani chembechembe za poliakrilati ya sodiamu. Niliwahi kuchana moja na kuimwagia maji ya kikombe kwenye beseni, nipate kujua ninamvalisha baba kitu gani: chembe zilizokuwa kama chumvi ya mezani zilivimba palepale zikawa ute mzito unaong'aa, na nilipoubonyeza kwa kidole hakuna tone lililorudi. Baada ya hapo niliacha kuona aibu kulipia bei yake. Huo ni uhandisi.

Lakini jina. Kitenzi cha Kiingereza ambacho kampuni ilikichukua kuwa jina la bidhaa maana yake ni kudekeza. Mwenye duka anapouliza kama pampasi za wazee zimebaki, kwa asili ya neno anauliza kama videkezo vya wazee vimebaki. Yeye hajui, na hana kosa, lakini mimi najua, na kujua ndiyo kazi yangu. Kitu kiliundwa kwa ajili ya mtoto, kikabatizwa jina la kumdekeza mtoto, na kilipokuzwa kimtoshe mtu wa kilo sabini hakuna aliyekumbuka kukibadilisha jina. Wala si jambo dogo linalowahusu watu wachache. Kampuni ya Kijapani ya Oji Holdings ilitangaza mwaka 2024 kwamba inaacha kutengeneza nepi za watoto kwa soko la Japani na kuelekeza nguvu kwenye za watu wazima, kwa kuwa watoto huko wamepungua na wazee wameongezeka. Hapa kwetu watoto bado ni wengi, ila mahitaji yapo: wazee, waliopatwa na kiharusi, waliovunjika uti wa mgongo kwa ajali za bodaboda, na wanawake wenye fistula, ambao uchungu uliokaa muda mrefu bila msaada umewaachia tundu linalovujisha mkojo na ambao wengi wao ni vijana. Binti wa miaka ishirini anayevuja mkojo hafai kuulizwa habari za pampasi za wazee, na hizo za kilo hazimtoshi. Kwa lugha ya dukani, mtu huyo hayupo.

Tofauti ya kweli kati ya vitu hivi viwili imeandikwa kwenye paketi zenyewe, nami sikuiona mpaka nilipozikalia kitandani na kuzisoma kama mkataba. Ya mtoto hupimwa kwa kilo. Ya mtu mzima hupimwa kwa mzunguko wa kiuno, kama suruali.

Hapo ndipo sehemu ya mwisho ya faharasa iliponifunga breki. Infantilizimu ni neno moja linalobeba mizigo mitatu isiyohusiana. Mzigo wa kwanza ni wa mwili: madaktari wa zamani walilitumia kwa mtu ambaye mwili wake haukukua. Daktari wa Marekani Christian Herter aliandika mwaka 1908 juu ya infantilizimu itokanayo na maradhi ya utumbo, akieleza watoto ambao leo tungesema wengi wao walikuwa na maradhi ya siliaki, utumbo usioelewana na ngano. Kwa hilo Kiswahili kina neno safi linalosikika redioni kila wiki ya lishe: udumavu. Sikuhitaji kuunda chochote.

Mzigo wa pili ni wa nafsi. Wapo watu wazima ambao kwa hiari yao hupata faraja katika kuvaa nepi, kunyonya chuchu ya kutulizia, kulala na mdoli, au kuhudumiwa na mwenzi kama mtoto, wengine ili kutuliza wasiwasi, wengine kwa sababu za mapenzi yao wenyewe. Ni jambo la watu wazima peke yao, halihusu watoto, na mwongozo wa maradhi ya akili wa Chama cha Madaktari wa Akili wa Marekani, tangu toleo la mwaka 2013, hutenganisha mvuto usio wa kawaida na ugonjwa: ugonjwa ni pale panapokuwa na mateso kwa mhusika au madhara kwa mwingine. Msomaji wa Moshi atacheka, na mimi nilicheka kidogo, kisha nikakumbuka kwamba mtafsiri hakuajiriwa kucheka. Neno la kwanza lililonijia lilikuwa utotoutoto, nikalifuta, kwa kuwa hilo ni tusi lililovaa kanzu; hutumika kumkemea mtu. Kujifanya mtoto nalo nikaliacha, maana kujifanya kuna harufu ya udanganyifu. Nilichoandika ni kurejea utotoni kwa hiari, na kwa kitendo chenyewe nikaweka kudeka. Kitenzi hicho nakipenda. Kudeka ni kujilegeza mbele ya mtu unayejua anakupenda, na hakina umri: mtoto hudeka, mke hudeka, mgonjwa hudeka, mzee hudeka kwa wajukuu, na hakuna anayepelekwa kwa daktari. Lugha yetu ilikuwa imeshakubali zamani kwamba mtu mzima anaweza kuwa mdogo kwa muda akitaka. Sharti ni kwamba atake.

Mzigo wa tatu ni pale asipotaka, na huu ndio ulionigusa. Ni kumfanya mtu mzima mtoto. Kizungu kina kitenzi chake, Kiswahili hutumia maneno manne, na nadhani manne ni bora kwa sababu yanaonyesha kwamba yupo mtenda na yupo mtendwa. Niliyaona yakitendeka kwenye kituo kimoja cha afya nilikompeleka baba kufanya mazoezi ya viungo. Muuguzi kijana, mchangamfu, alimsogelea akamwambia kwa sauti nyembamba ya kubembeleza, "Haya babu, tunanyanyua kamkono ketu, eeeh, kazuri!" Mkono wa mtu aliyeandika ubaoni kwa miaka thelathini na minne ukawa kamkono. Kile kiambishi ka, ambacho sisi wa bara tunakipachika kila mahali kwa mapenzi, kilifanya kazi yote ya kumshusha. Baba alikaza mkono wake mzima, akakataa kuunyanyua ule mgonjwa. Muuguzi akaniambia kwamba wazee huwa wakaidi. Mtafiti Kristine Williams na wenzake wa Marekani walionyesha mwaka 2009 kwamba wagonjwa wenye maradhi ya kusahau hukataa zaidi kuhudumiwa wanaposemeshwa kitoto kuliko wanaposemeshwa kama watu wazima. Baba hana maradhi ya kusahau, anakumbuka hadi majina ya wanafunzi aliowachapa, lakini ukaidi ule niliutambua.

Kuna jambo la Kilatini ambalo halikunitoka akilini usiku ule. Mzizi wa infantilizimu, infans, maana yake ya asili ni asiyesema. Waroma walimpa mtoto mchanga jina la kile asichoweza. Sisi tulitazama uchanga wake, kwamba ataiva. Nami nikaona kwa nini watu wanamfanya baba mtoto kwa urahisi hivyo: hawakuifuata nepi, maana hawaioni. Wamefuata ukimya. Mtu anayechukua dakika nzima kutoa neno moja huhesabiwa kuwa hana maneno, na wanaomzunguka huanza kusema badala yake, kisha juu yake, kisha kana kwamba hayupo.

Shughuli ya kumvalisha usiku ilikuwa imetulemea sote wawili. Mimi ni binti yake, na kwetu binti hamsitiri baba; kaka yangu yuko Mwanza na anakuja mwisho wa mwezi. Kijana wa jirani hutusaidia asubuhi. Usiku ni mimi, nikiwa nimezima taa kubwa na kumfunika kwa kanga hadi kifuani, kanga iliyochakaa ikawa laini kama zile tulizofungwa sisi tukiwa wachanga, ambazo mama alizikata kutoka kwenye doti zake kuukuu. Kila mara nilikuwa nasema, "Baba, tubadilishe," bila kutaja tunabadilisha nini. Nilifikiri ninamheshimu kwa kuruka neno. Kumbe kitu kisichotajwa kilikuwa kinazidi kuvimba kama zile chembe kwenye beseni.

Usiku mmoja mwezi Mei nilisema, "Baba, tubadilishe hii…" nikakwama. Akanitazama. Nikaona mdomo wake umeanza kutafuta, nikajizuia nisimsaidie. Nje chura walikuwa wanapiga kelele kwenye madimbwi. Muda ukapita, mrefu.

"U-winda," akasema.

Sikuelewa mara moja. Baba alifundisha Pangani katika ujana wake, kabla ya kuhamishiwa huku, na Kiswahili chake kina vitu vya pwani ambavyo mimi wa Moshi huvikuta kwenye kamusi tu. Neno nililijua kwa umbo la winda, ambalo ni nguo ya kumkingia mtoto mkojo, nami nilishaliweka kwenye faharasa kando ya nepi. Nikadhani amejiita mtoto mwenyewe, na nilitaka kulia. Akatikisa kichwa. Akainua mkono wa kushoto, akaupitisha hewani kutoka mbele kwenda nyuma, katikati ya mapaja, kisha akaufunga ngumi kiunoni kama mtu anayechomeka nguo. "Wavuvi," akasema. Na baada ya muda mwingine: "Kazini."

Hapo nikakumbuka. Kupiga uwinda, au ubinda kama wengine wanavyosema, ni kuipitisha nguo katikati ya miguu na kuichomeka kiunoni, na waliofanya hivyo walikuwa wanaume wazima wenye kazi nzito, wanaosukuma ngalawa au kuvuta wavu wa jarife, ambao shuka inayoning'inia ingewakwaza. Yaelekea nguo ilikuwa ya baba kabla ya kuwa ya mtoto. Mama wa pwani alipomfunga kichanga chake kwa mtindo uleule, nadhani alimwazimia jina kutoka kwa mvuvi. Mimi nilikuwa nahangaika namna ya kulitoa neno kwa mtoto nilipeleke kwa mzee, na mzee mwenyewe, kwa maneno matatu na mkono mmoja, akanionyesha kwamba lilikuwa lake tangu mwanzo.

"Basi baba, tupige uwinda," nikamwambia. Akanyanyua kiuno mwenyewe, kadiri alivyoweza, jambo ambalo hakuwa amelifanya kabla ya siku ile.

Faharasa niliituma na vidahizo viwili: winda, kwa mtoto, uwinda, kwa mtu mzima. Mteja aliandika kuuliza kwa nini maneno mawili kwa kifaa kimoja, na kama hayatawachanganya watumiaji. Nilimjibu kwamba kimoja hupimwa kwa kilo na kingine kwa kiuno, nikamtumia picha za paketi mbili. Bado hajaniambia kama amekubali, na yawezekana atarudisha nepi za watu wazima, neno ambalo halina kosa la kisarufi.

Kijana wa duka la dawa bado anaziita pampasi, ila sasa ananifahamu, na nikiingia huifuata paketi stoo mwenyewe bila kuuliza kwa sauti. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Juni 2019 hana mfuko mweusi wa kuifichia, kwa hiyo huizungushia gazeti na kuifunga kamba, kifurushi kikubwa ambacho kwenye daladala ya Pasua kila mtu hudhani ni mto. Saizi ya kati, za gundi, si zile za kuvuta kama chupi, kwa kuwa mguu wa kulia bado haupandi. Zimebaki nne nyumbani. Kesho nitapita.